Kuupa Wimbo Jina

"Memori ya GB ngapi?" Hilo ndilo swali pekee aliloniuliza kijana wa kibanda cha kuingizia nyimbo, siku ya kwanza niliposhuka mwaloni Kasanga, kusini mwa Ziwa Tanganyika. Nikamwambia nane. Akaichomeka, akaburuta rundo la mafaili kutoka upande mmoja wa kioo kwenda upande wa pili, akaendelea kupatana bei ya migebuka na mteja aliyekuwa nyuma yangu. Baada ya robo saa kadi ilijaa. Hakuniuliza napenda nini, nami sikumwambia. Wimbo wa dakika nne uliobanwa kwa kiwango cha kawaida cha mp3 unakula MB nne hivi, kwa hiyo GB nane ni kama nyimbo elfu mbili. Ukijua hesabu hiyo utaelewa kwa nini kijana hakuwa na haja ya maongezi. Nyimbo elfu mbili haziulizwi, zinamwagwa kama dagaa kwenye chanja.

Nyumbani nilipoifungua kadi ndipo nilipoona nilichonunua. AUD-20190412-WA0007. Track 01. Track 01 nyingine. "Wimbo mkali sana". "Unknown Artist", huyu msanii asiyejulikana ambaye kwa wingi wa kazi zake anawazidi Franco na Tabu Ley wakiwekwa pamoja. Muziki ulikuwamo, tena mwingine wa dhahabu, lakini ulikuwa umekuja bila majina, kama abiria walioshushwa usiku.

Kompyuta niliyokuwa nayo ilikuwa mpakato ya zamani yenye RAM ya GB moja. Programu za muziki zenye picha na rangi zilikuwa zikiilemea hadi feni inalia kuliko spika. Fundi mmoja wa Sumbawanga mjini aliniwekea Linux, na kabla hajanirudishia akaandika neno moja kwenye kioo cheusi: cmus. Kikatokea kitu ambacho kijana mmoja wa darasani kwangu alikiangalia baadaye akaniuliza, "Mwalimu, hii ni ya benki?" Herufi tupu. Hakuna picha ya jalada wala mawimbi yanayorukaruka. Orodha ya nyimbo, mstari mmoja umekolezwa, na chini kabisa dakika zinahesabika.

Naomba nikisifu kitu hiki, maana sijawahi kusikia kikisifiwa kwa Kiswahili.

Tuanze na vidole. Angalia safu ya chini ya kibodi, mkono wa kushoto: Z, X, C, V, B. Kwenye cmus, Z inarudisha wimbo uliopita, X inaucheza, C inausimamisha kwa muda, V inauzima, B inaleta unaofuata. Vitufe vitano vilivyopangana bega kwa bega, kama vile vya redio kaseti ya zamani ambavyo ukivibonyeza vinashuka kwa kishindo. Herufi zenyewe hazina maana yoyote, Z si kifupi cha neno lolote. Aliyezichagua hakufikiria kamusi, alifikiria mkono uliolala kwenye giza. Na Kasanga giza lipo. Umeme ukikatika wakati wimbo umefika mahali pake, betri ikiwa hai, mkono unafika C bila kutafuta, kama mtu anayejua kitasa cha mlango wa chumba chake.

Kuna na mkwaju ule ulioinama, /. Ukiubonyeza ukaandika herufi tatu nne za jina, orodha inaruka hadi mahali hapo. Namba 1 hadi 7 zinabadilisha unachokiona: maktaba, foleni, mafaili yenyewe na kadhalika. Kwa matumizi ya kila siku basi, ndiyo imekwisha. Aliyeanza kuiandika ni Timo Hirvonen, na alipoacha wengine wakaipokea, ikaendelea. Nduguye mkubwa ni mpg123, kazi iliyoanzishwa na Michael Hipp miaka ya 1990. Huyo hana hata orodha ya kupekua: unaandika jina lake, unaandika jina la wimbo, anaimba, anamaliza, ananyamaza.

Ukoo wa programu hizi unaanzia Bell Labs, New Jersey, ambako Ken Thompson na wenzake walianza Unix mwaka 1969. Mwaka 1973, kwa shauri la Doug McIlroy, ikaongezwa njia ya kuunganisha programu moja na nyingine kama mtu anavyounganisha mabomba: kinachotoka kwa huyu kinaingia kwa yule. Imani yao ilikuwa kwamba programu ifanye kazi moja na iifanye sawasawa. Sitakaa sana hapo, kwani vitabu vyao vipo. Linalonigusa mimi ni matokeo ya imani hiyo huku ufukweni: kwa kuwa programu haifanyi zaidi ya kucheza, kazi nyingine yote inabaki kwangu. Haiendi mtandaoni kuniuliza msanii ni nani wala hainipendekezei wimbo. Inasoma majina niliyoandika na kuyaamini. Nikiandika uongo, itauonyesha uongo wangu kwa utiifu uleule.

Hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza.

Ndani ya faili la mp3 kuna mahali pa kuandikia habari za wimbo. Desturi hiyo, ID3, aliileta Eric Kemp mwaka 1996, na toleo la kwanza lilikuwa kipande cha baiti 128 kilichobandikwa mwishoni mwa faili. Jina la wimbo lilipewa nafasi ya herufi 30. Msanii 30. Albamu 30. Mwaka herufi 4. Sasa jaribu kuandika "Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz Band". Hesabu kwa kidole pamoja na nafasi za katikati: herufi ya 29 inakukuta unamaliza Morogoro, ya 30 ni nafasi tupu, na Jazz Band inadondokea ziwani. Baiti ya mwisho kabisa ilikuwa ya aina ya muziki, namba moja kutoka orodha ya aina 80. Polka imo, namba 75. Rumba haimo. Taarabu haimo, ingawa Siti binti Saad alikwisha kuimba kwenye santuri huko Bombay mwaka 1928, kabla ya wengi wa waliotunga orodha hiyo kuzaliwa. Ipo "Dance", lakini yeyote aliyewahi kukanyaga ukumbi wa DDC Kariakoo anajua kwamba hiyo siyo dansi. Toleo la pili la mwaka 1998 lilifungua nafasi, ukaweza kuandika upendavyo. Lakini nyimbo zilizopita kwenye vibanda vyetu zimekuja na vibandiko vya kila enzi, vingine vimekatika, vingine vimeandikwa na mtu aliyetaka kutangaza kibanda chake.

Nikaamua kutoviamini. Ninatumia ule mwonekano wa tano wa cmus, unaoonyesha mafaili na folda kama yalivyo, na majina ninayaandika kwa mkono. Nilianza na folda moja kwa jioni. Mwaka wa pili sasa.

Kuandika jina la faili kuna adabu zake, nazo nilizijua kwa kuumia. Ukiacha nafasi kati ya maneno, mstari wa amri unayaona kama vitu viwili: unaagiza Mlimani Park, kompyuta inakwenda kumtafuta Mlimani, halafu inakwenda kumtafuta Park, inarudi kukuambia hakuna wote wawili. Kwa hiyo ninaunga kwa vistari: mlimani-park. Herufi kubwa ninaziacha, kwa sababu kwa kompyuta yangu Marijani na marijani ni watu wawili tofauti. Nyimbo za albamu ninazipa 01, 02, 03, maana ukiandika 1 na 2 tupu, siku ukifika 10 yenyewe itapangwa mara baada ya 1, mbele ya 2. Haya ni mambo madogo. Fundi seremala naye ana mambo madogo, kama upande gani wa ubao unapigwa randa kwanza.

Shida kubwa ni majina yenyewe. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964. Chama cha wafanyakazi kilichoimiliki kilipobadilika, bendi ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo watu wanaiita Msondo Ngoma, kana kwamba ndivyo ilivyozaliwa. Je, hizo ni folda nne au moja? Jioni nzima nilikaa na swali hilo, chai ikapoa. Mbaraka huyohuyo ameandikwa Mwinshehe, Mwinyshehe, Mwishehe. Marijani ana Rajab na Rajabu. Programu ya mtandaoni ingechagua kwa niaba yangu nisijue kama swali lilikuwepo. Mwishowe nilifanya folda moja ya msondo, na ndani yake nne ndogo, kila wimbo ukakaa chini ya jina ambalo bendi ilijiita siku ilipourekodi. Mtu mwingine angefanya vingine, na sina ugomvi naye. Lakini sasa ninajua kitu kuhusu bendi hiyo ambacho nisingekijua kwa kubonyeza tu: ninajua wimbo upi ni wa jina lipi, kwa kuwa ilinibidi niulize.

Nadhani mahali hapa panasaidia. Kasanga si mji wa kuamini kibandiko cha kwanza. Wajerumani walijenga boma hapa wakapaita Bismarckburg, na magofu yake bado yapo. Meli iliyotufikia kwa miaka mingi ikitoka Kigoma kwenda Mpulungu iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande, ikaitwa Graf von Goetzen. Mwaka 1916 wenyewe wakaizamisha isitekwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na ilipoanza kazi tena mwaka 1927 iliitwa Liemba, jina ambalo watu wa kusini mwa ziwa hili walimtajia Livingstone alipofika mwaka 1867. Chuma kilekile, folda mbili.

Na nyimbo zinazofika huku haziheshimu mpaka. Mto Kalambo unatutenganisha na Zambia na kuanguka kwenye korongo kwa zaidi ya mita 200, lakini Kimambwe na Kilungu vinasemwa pande zote mbili, na kadi za memori zinavuka ndani ya mifuko ya shati. Kwenye lile rundo langu la kwanza kulikuwa na kalindula ya Kibemba, P. K. Chishala na Amayenge, imekaa katikati ya rumba ya Kinshasa na kwaya za injili za Sumbawanga. Kwa aliyezitia lilikuwa rundo moja. Kwa sikio la Kasanga nalo ni rundo moja, hilo nalikiri, na wakati mwingine nimejiuliza kama kuzitenga si kuharibu kitu.

Nikijiuliza hivyo nawakumbuka Wafipa, waliokuwa wafua chuma wa kusifika. Uwanda wa juu, barabara ya kwenda Sumbawanga, bado kuna mabaki ya matanuri yao, malungu, ambayo Profesa Bertram Mapunda ameyaandika kwa kina. Ilungu lilikuwa refu kupita mtu, na halikuhitaji mtu wa kuvukuta: hewa ilijiingiza yenyewe chini kupitia mirija ya udongo, moto ukapanda, siku zikapita. Lakini kilichotoka humo hakikuwa jembe. Kilikuwa donge la chuma lenye taka. Likapelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto na mikono ilipofanya kazi, mpaka chuma kikatoka safi cha kuweza kufuliwa. Kijana wa kibanda ndiye ilungu langu. Ninamheshimu, asingekuwepo nisingekuwa na kitu. Ila kuna kazi ya tanuri la pili ambayo haiwezi kufanywa kwa nyimbo elfu mbili kwa mpigo. Inafanywa kwa wimbo mmoja, ukisikilizwa hadi mwisho.

Mfano ninaoupenda ni huu. Santuri ndogo za enzi zile, zile za mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja ulitosha dakika nne au tano tu. Rumba ilikuwa haijamaliza hata kutoa salamu. Kwa hiyo wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B, na mara nyingi mgawanyo uliangukia pale hadithi inapoisha na sebene kuanza. Mwenye santuri aliinuka, akaigeuza, akarudi kitini au moja kwa moja uwanjani kucheza. Kuinuka kule kulikuwa sehemu ya wimbo. Zilipogeuzwa kuwa mp3, kila upande ukawa faili lake. Sasa washa ule utaratibu wa kuchanganya nyimbo ambao kila programu inajivunia. Utaletewa sebene ya mtu ambaye hujasikia mkewe alimfanya nini. Magitaa yanashangilia, nawe hujui yanashangilia kipi. Saa mbili baadaye, kati ya kwaya na singeli, anatokea yule bwana anaanza kulalamika, na malalamiko yake yanakatika ghafla kwenye ukimya.

Kuwarudisha pamoja mume na sebene yake hakuhitaji mtaalamu. Faili la maandishi matupu, mistari miwili, wa kwanza jina la sehemu ya kwanza, wa pili jina la sehemu ya pili. Hiyo ndiyo orodha ya kuchezea, m3u, na inaweza kuandikwa na mtu yeyote anayejua kuandika barua. Hata kompyuta hii ikifa, orodha zangu zitasomeka kwenye nyingine yoyote, hata kwa macho matupu zikichapwa kwenye karatasi. Nimekwisha kuunganisha hivyo dazeni kadhaa. Kila mara nikisikia ule mwachano mdogo kati ya A na B mwili wangu unataka kuinuka, na mimi sijawahi kumiliki santuri. Nadhani hamu hiyo nimeirithi kwa baba, aliyekuwa na kaseti na kalamu ya Bic ya kuzirudisha nyuma ili betri zisiishe.

Nisikifanye kitu hiki, cmus, kitakatifu. Kina ubaya wake. Ukikosea herufi moja kinakaa kimya, na mtu asiyezoea kioo cheusi anadhani ameharibu mashine. Mke wangu anakiita "ile kesi yako". Wageni wanataka kuona sura ya mwimbaji, na si kosa, sura ya Remmy Ongala ilikuwa nusu ya burudani. Na bando likiwepo, nami nasikiliza mtandaoni, hasa nyimbo za wiki hii ambazo bado hazijafika kibandani. Ninachokiona huko ni kwamba siwezi kuandika kitu. Ninaweza kupenda, kuruka, kushiriki. Siwezi kusahihisha jina la mpiga solo.

Jioni moja mwaka huu nilikuwa barazani na kompyuta juu ya kigoda, spika ndogo ukutani, nikipita folda niliyoiita haijulikani. Ndimo ninamoweka kilichonishinda. Mzee mmoja fundi wa mitumbwi, jirani, alikuja kuchaji simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Endelea na kazi."

Ulikuwa unacheza wimbo ambao nilikuwa nimeuruka mara nyingi. Gitaa moja kavu, wanawake wanaitikia, sauti imekwaruzika, na nyuma yake mlio ambao nilikuwa nimeuchukulia kuwa ubovu wa kaseti. Jina lake kwenye kadi lilikuwa AUD na tarakimu nyingi. Nilikuwa nimeuweka karibu na nyimbo za Zambia kwa sababu ya maneno.

Mzee aliweka simu chini. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Rudisha." Nikabonyeza X. Mara ya pili akainua kidole pale kwenye ule mlio. "Hiyo ni injini ya boti. Walikuwa wanapeleka bibi harusi." Akataja kijiji cha upande wetu, si cha Zambia. Akamtaja mpiga gitaa, kwa jina la utani na kwa jina la baba yake. Kisha akasita. "Au ni ndugu yake. Walipiga sawa, wale."

Nilimuuliza ni mwaka gani. Akanijibu kwa kutaja mtumbwi aliokuwa anauunda wakati huo na aliyeununua, akaniachia mimi kutafuta hesabu.

Alama ya kuuliza haifai kwenye jina la faili, mstari wa amri unaichukulia kuwa herufi yoyote ile. Kwa hiyo nilitengeneza folda mpya, nikaiita labda. Nikaandika mv, amri ya kubadili jina, kisha jina la zamani lenye tarakimu zake zote, halafu jina jipya: kijiji, harusi, gitaa, jina la utani. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya bega langu akizisoma herufi moja moja.

"Jina la utani lina h," akasema. "Mwanzoni."

Nikafuta, nikaanza tena.